Kipimo cha Ardis

Plentywood, Montana
6 Mei 1994

Shemeji Selmer,

Salamu zikufikie huko milimani Idaho, na natumaini zinakukuta mzima na lile goti limetulia. Sisi hapa hatujambo. Theluji imeondoka wiki iliyopita, ndugu yako Palmer anakohoa kama kawaida yake na dawa hataki. Najua utaushangaa mwandiko huu. Miaka tisa umetuona kwenye kadi za Krismasi tu, na hata hizo naziandika mimi peke yangu, jina la Palmer naliweka kwa heshima.

Sikuandikii ili kuwapatanisha wewe na yeye. Nina shida yangu.

Nilianza kupiga shabaha baada ya watoto kuhama nyumbani, hilo unalikumbuka. Sasa nimefika pazuri. Mwaka jana kwenye shindano la Septemba, yadi mia sita, Palmer alikuwa wa kwanza na mimi wa tatu. Na unaijua desturi ya klabu, matokeo yakisomwa lazima litajwe na jina la aliyeshindilia risasi. Basi likasomwa jina la Palmer mara mbili, kwake na kwangu, kwa sababu miaka yote risasi zangu ananishindilia yeye kule gereji, fataki, baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa. Sikulijali sana.

Mwezi uliopita tulikuwa ukumbi wa chini wa kanisa, chakula cha pamoja baada ya ibada, nami nimebeba sinia la viazi vya kuoka. Mchungaji akanisifia shabaha yangu. Palmer, mdomo umejaa, akasema mbele ya watu wote: "Ardis anavuta kifyatulio tu. Shabaha yenyewe naitengeneza mimi." Watu wakacheka. Mimi nikaliweka sinia chini nikasema Septemba hii nitapiga risasi nilizoshindilia kwa mkono wangu, na zikishindwa na zake naiacha bunduki moja kwa moja, nitakaa meza ya matokeo na wake wengine tukiwamiminia wanaume kahawa. Nilisema kwa sauti, Selmer. Wamenisikia watu arobaini.

Nimenunua mashine yangu, nimeifunga kwenye chumba cha mitungi ya jamu, na Palmer ameapa hataingia humo. Baruti naipima vizuri, fataki za kuiwasha zinakaa vizuri kitakoni. Kinachonishinda ni kukalisha vichwa vya risasi kwenye maganda. Kalibu inayosukuma kichwa siigusi, mkono wa mashine nauvuta vilevile kila mara, lakini nikipima kwa vernia, ile rula ya taya mbili, toka nchani hadi kwenye kitako cha ganda, hakuna mbili zinazolingana. Moja imezama, nyingine imechomoza. Na hapa kila mtu anajua kwamba vichwa visipokaa kina kimoja, matundu kwenye shabaha yanatawanyika.

Kumuuliza Palmer siwezi, afadhali nimeze sabuni. Na wewe ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akimshinda.

Simu huna, na yangu iko karibu na kiti chake. Jibu kwa posta. Ufunguo wa sanduku ninao mimi.

Shemeji yako,
Ardis


Priest River, Idaho
17 Mei 1994

Shemeji Ardis,

Barua imefika na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitafuta nani amekufa. Mimi mzima. Goti halijatulia ila tumezoeana. Nimefurahi kusikia mko salama. Palmer usimsalimie.

Niseme la moyoni kisha tuachane nalo. Mwaka ule niliposhinda, mumeo aliwaambia watu kwamba nilichungulia daftari lake la vipimo. Sikulichungulia. Neno lile ndilo lililonihamisha mji, si kazi ya kiwanda cha mbao kama watu wanavyosema. Kwa hiyo ukiniuliza kama niko tayari kukusaidia umtandike, nilishatafuta kalamu kabla sijamaliza ukurasa wako wa kwanza.

Sasa kosa lako, shemeji. Unapima ncha. Ncha za vichwa hazilingani toka kiwandani, hii imechongoka, ile imebonyea kidogo. Ni sawa na kupima urefu wa watu wakiwa na kofia. Kalibu yako haikisukumi kichwa kwenye ncha, inakishika ubavuni, na mtutu nao hauna habari na ncha. Unatakiwa kupima pale kichwa kinapoanza kunenepa, mahali ambapo kitagusa mistari ya ndani ya mtutu.

Ndani ya bahasha kuna nati yenye tundu. Nimeichonga kutoka kwenye kipande cha mtutu uliochakaa, saizi ileile ya bunduki yako. Ivike kwenye kichwa mpaka ikwame, halafu pima toka juu ya nati hadi kwenye kitako. Hapo utaona ukweli.

Asante sitaki. Nataka jamu ya cheri za porini, mtungi mkubwa, sio ule wa kuwapa wagonjwa.

Shemeji yako,
Selmer


Plentywood
3 Juni 1994

Shemeji Selmer,

Habari za huko? Mvua zimeanza kwetu, wakulima wa ngano wananuna wakiwa na matope magotini, kwa hiyo mambo ni mazuri. Mtungi unakuja kwa posta, nimeufunga kwa taulo mbili. Taulo nirudishie.

Nati yako ni kitu cha ajabu. Nusu ya shida iliondoka siku hiyohiyo. Lakini nusu bado iko. Kati ya risasi kumi, nne zinalingana. Zilizobaki zinapishana kwa sehemu mbili au tatu za elfu za inchi, na moja ilipishana kwa sehemu tano. Usiniambie ni kidogo, maana nimeshazipiga na nimeona zinakokwenda.

Na mkono wangu unahisi kitu. Kichwa kimoja kinaingia vizuri. Kinachofuata kinagoma, nakisukuma, kinagoma, halafu kinaruka ghafla na kupitiliza. Nikivuta mkono wa mashine ndipo najua kabla ya kupima kwamba hiyo imeharibika.

Palmer ameanza. Jana mezani: "Vipi kiwanda chako?" Nikamwambia kiwanda kinaendelea. Akasema, "Wafanyakazi hawajagoma?" Nikamwongezea maharage asiyoyapenda.

Nisaidie haraka, mwisho wa kujiandikisha ni tarehe ishirini Agosti.

Shemeji yako,
Ardis


Priest River
14 Juni 1994

Shemeji Ardis,

Salamu kwako, na mimi niko kama nilivyokuwa. Mtungi umefika mzima. Sasa ni nusu mtungi.

Kinachogoma na kuruka, sijui. Jaribu haya. Fungua kalibu uone kama ndani hakuna uchafu uliogandamana. Kaza bolti za mashine kwenye meza, maana meza ya mitungi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha kalisha kila kichwa mara mbili: sukuma hadi nusu, zungusha ganda nusu duara, sukuma hadi mwisho.

Hayo maharage nimeyapenda.

Shemeji,
Selmer


Plentywood
30 Juni 1994

Selmer,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, roho sijui.

Nimefanya yote uliyosema. Kalibu ilikuwa safi. Bolti nimezikaza mpaka mbao ikalia. Nimezungusha nusu duara, robo duara, duara zima, mpaka nikaanza kucheka peke yangu katikati ya mitungi. Hakuna kilichobadilika. Jumamosi nilikwenda uwanjani peke yangu nikapiga tano kwa yadi mia sita, na toka tundu la juu hadi la chini ni inchi sita. Sita. Kwa risasi za Palmer nilikuwa napata tatu nikiwa sijaamka vizuri.

Niliporudi nilikuta sanduku la risasi juu ya meza ya jikoni, hamsini, zimepangwa, limeandikwa kwa mwandiko wa Palmer: "Za Ardis, akichoka." Sasa nikueleze vizuri, hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikaa nalitazama lile sanduku kwa saa nzima. Nilijiambia, chukua, piga, nani atajua? Lakini mimi ningejua, na jina lake lingesomwa mara mbili tena, na mimi ningesimama pale nikipiga makofi.

Nimelirudisha gereji. Ila kama huna lolote jipya la kuniambia, niambie hivyo, nikawaombe wanawake wa kahawa waniwekee kiti.

Ardis, shemeji yako


Priest River
7 Julai 1994

Shemeji,

Kiti hukihitaji. Mjinga ni mimi, nimejaribu kutengeneza kitu nisichokiona. Nitumie risasi tano ulizokalisha wewe mwenyewe, bila baruti na bila fataki, ganda na kichwa tu. Usizichague nzuri. Fanya leo.

Selmer


Plentywood
12 Julai 1994

Shemeji Selmer,

Hizi hapa tano. Ya tatu na ya nne ndizo zilizoruka. Tuko salama. Palmer anakohoa.

Ardis


Priest River
20 Julai 1994

Shemeji Ardis,

Salamu nyingi, na keti kwanza ndipo usome.

Nilifungua kisanduku chako dirishani, na jua likanirudia machoni. Mara ya mwisho kuona shaba inang'aa hivyo ilikuwa vijiko vya harusi ya mama yetu. Nikavigonga vichwa vikatoka, nikachungulia ndani ya shingo za maganda. Safi. Safi kabisa. Mtoto mchanga anaweza kunywea maziwa. Na pande zote za vichwa kuna mikwaruzo mirefu.

Sasa niambie ukweli. Ukishapiga, maganda unayafanyaje? Nakuona toka huku. Maji ya moto, sabuni, unga wa limau, halafu unaingiza stiliwaya ndani ya shingo na kusugua. Ndivyo? Miaka ishirini na mbili unasugua masufuria kwenye jiko la shule, ungefanya nini kingine.

Shemeji, umesugua dawa ukaitupa. Ganda likishapigwa, ndani ya shingo yanabaki masizi, tabaka jembamba jeusi. Hayo masizi ndiyo yanayofanya kichwa kiteleze. Wewe ukiyaondoa, inabaki shaba tupu juu ya shaba tupu. Inang'ang'ania, wewe unasukuma, inaachia ghafla. Nilichukua ganda langu moja, jeusi ndani kama bomba la jiko, nikakalisha humo kichwa chako kilekile. Kiliingia taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Nimefanya na mengine tisa. Yote kumi ndani ya nusu ya sehemu moja ya elfu.

Mimi na Palmer hatukuwahi kukwambia kwa sababu hatujui. Namaanisha hatujui kwamba kuna binadamu anayeosha humo. Sisi tunafuta nje kwa kitambaa, basi. Hatuna akili za kuficha siri, tuna uvivu tu. Uvivu wetu ndio umekuwa ufundi.

Kwa hiyo: maganda uliyonayo yapige yote mara moja, yapate weusi wake. Nje futa. Ndani pitisha brashi laini ya nailoni mara moja, kuondoa vumbi, usisugue. Na stiliwaya iondoe kabisa chumbani, irudishe kwenye masufuria.

Nimecheka mpaka goti likauma. Usinikasirikie.

Shemeji yako,
Selmer


Plentywood
18 Agosti 1994

Shemeji Selmer,

Natumaini hujambo na hukudhani nimekufa. Nilikukasirikia. Siku nne nzima sikutaka kuuona mwandiko wako. Mtu anayefua na kusugua maisha yake yote, aambiwe kosa lake ni usafi! Mama yangu alitupiga kwa sababu ya vikombe vyenye doa. Nilipokuwa na miaka minane nilisugua birika moja mara tatu. Halafu mzee mmoja wa Idaho ananiambia niuache uchafu ulipo, eti uchafu una kazi yake.

Siku ya tano nilikwenda uwanjani na maganda yote mia mbili. Nilipiga mpaka bega likawa na rangi ya bilinganya. Nikayarudisha nyumbani, nikayafuta nje, nikapitisha brashi laini mara moja. Mkono ulikuwa unawasha kutaka kusugua. Nilitoka nje nikazunguka nyumba ili nisisugue, kweli, jirani aliniona.

Kisha nikaketi kwenye mashine. Kichwa cha kwanza kikaingia, sikuhisi kitu. Nikadhani nimesahau kuweka kichwa. Nikapima. Cha pili. Cha tatu. Nilikalisha ishirini mfululizo, Selmer, na zote ishirini zililingana, hakuna hata moja iliyotoka nje ya sehemu moja ya elfu. Nililia. Nakwambia kwa sababu huyu ndugu yako anakohoa tu ukimwambia jambo kama hilo.

Na sikuishia hapo. Sasa kwa kuwa naweza kurudia kina kilekile kila mara, nilianza kutafuta kina gani bunduki yangu inakipenda. Nimejaribu vina tisa, risasi tano tano, kwa wiki mbili, asubuhi kabla upepo haujaamka. Palmer anapenda kichwa kikaribie mistari ya mtutu kabisa. Bunduki yangu haitaki hivyo. Inataka kitu kingine, na hicho kitu nimekipata, nimekiandika kwenye daftari langu, na daftari linakaa mkobani kwangu. Hata wewe sikwambii.

Nimejiandikisha jana. Kwenye fomu kuna mstari wa mshindiliaji. Karani, kwa mazoea, alishaanza kuandika P. Nikamshika mkono.

Shemeji yako,
Ardis


Priest River
25 Agosti 1994

Shemeji Ardis,

Salamu. Usiniambie kina, sitaki kukijua. Nilishaitwa mwizi wa vipimo mara moja, inatosha.

Kuanzia leo usibadilishe kitu. Hata meza usiifute. Na siku yenyewe, Palmer akianza mizaha yake pale mstarini, jua kwamba anaogopa. Mimi utotoni nimelala kitanda kimoja naye miaka kumi na mbili, namjua. Akiwa na hakika huwa kimya.

Niandikie likiisha, lolote liwalo.

Selmer


Plentywood
12 Septemba 1994

Shemeji wangu Selmer,

U hali gani? Mimi niulize. Niulize tena.

Nitakwambia kwa mpangilio, ingawa nataka kuanzia mwisho.

Jumamosi kulipambazuka kweupe, upepo toka magharibi, wa kuja na kuondoka. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana, na usidhani walikuja kuona ngano. Wale wanawake wa kahawa walikuwa wameniwekea kiti, chenye mto. Mmoja akaniambia, "Tumekuwekea tu, Ardis, hatukuombei mabaya." Nikamwambia aweke mkoba wake hapo.

Palmer alipangiwa kupiga kabla yangu. Njia nzima alikuwa anaongea. Je, nimekumbuka fataki? Je, vichwa nimevielekeza mbele? Je, risasi zangu zinalika na maziwa? Nikakumbuka barua yako, nikatulia kabisa.

Akapiga tano zake. Zikapimwa, toka tundu la mbali hadi la mbali: inchi mbili na robo tatu. Watu wakanong'ona, maana ni nzuri, yeyote angeridhika nayo. Akaja akanipigapiga bega, lile lile lililovimba.

Nikalala mkekani. Ya kwanza ikaenda. Upepo ukafa, nikapiga ya pili na ya tatu harakaharaka. Upepo ukarudi. Nikasubiri, kidole nje, mpaka nyasi zikanyooka. Ya nne. Nikasubiri tena, na nyuma yangu nasikia kikohozi cha Palmer, nikawaza, kohoa tu. Ya tano.

Shabaha ilipoletwa, mzee wa matokeo aliiweka mezani akavaa miwani. Akapima. Akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Inchi moja na sehemu tisa za kumi. Selmer, toka uwanja ule ulipofunguliwa hakuna mwanamume aliyewahi kushuka chini ya mbili.

Palmer akasema, "Hebu." Akatoa vernia yake mfukoni. Akapima yeye. Akageuza karatasi akapima. Mara ya tatu akapima kwa kuinama kabisa, pua inakaribia kugusa. Hakuna aliyecheka. Akaifunga vernia akairudisha mfukoni, akasema, "Ni hivyo. Andika."

Kisha yakasomwa. Mshindi, Ardis Rognlie. Bunduki, hivi na hivi. "Zimeshindiliwa na?" Mzee alikuwa anajua, imeandikwa mbele yake, lakini alitaka niseme mwenyewe. Nikasema, "Ardis Rognlie." Nilisema kama mtu anayeita watoto toka shambani. Wale wanawake wa kahawa walipiga kelele mpaka birika likaanguka.

Kurudi nyumbani niliendesha mimi. Baada ya maili kama kumi akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Selmer." Maili nyingine kumi. Halafu akasema, "Kwa hiyo aliyenishinda ni Selmer tena."

Nikasimamisha gari pembeni. Nikamwambia ashuke, aliseme neno hilo akiwa nje, ili nione atafikaje nyumbani. Hakushuka. Nikamwambia: Selmer ameniandikia barua, mimi nimesugua, nimeacha kusugua, nimekalisha, nimepima, nimepiga. Kina changu Selmer hakijui. Wewe pia hukijui. Nikawasha gari.

Tangu siku hiyo anaosha vyombo. Nimefurahi kupita kiasi, shemeji. Nilitaka ulijue leo hii.

Wako,
Ardis, mshindiliaji


Priest River
1 Oktoba 1994

Shemeji mshindiliaji,

Salamu na heshima zote. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya watu wa dukani, na mmoja kaninunulia pai.

Sasa kuna jambo. Jana nimepata barua nyingine toka Plentywood, na mwandiko nilioudhania sitauona tena. Nakunukulia yote, si ndefu:

"Selmer. Ardis ameshinda, bila shaka kakwambia. Nimepima mwenyewe mara tatu. Kina chake hataki kunitajia. Juzi akiwa kazini niliingia kwenye chumba nilichoapa sitaingia, nikatafuta daftari lake. Sikulipata. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mitungi ya matango ndipo nikajiona. Miaka tisa nimewaambia watu kwamba wewe ulifanya hivyo. Hukufanya. Wewe usingeweza, mimi ndiye ninayeweza. Naomba unisamehe. Na kama unakijua kina cha Ardis, niandikie. Sikuulizi chako, nauliza chake. Palmer."

Nimekaa nayo toka jana, shemeji. Nilikuwa nimeandaa majibu makali kwa miaka tisa, mazuri kweli, na sasa hakuna hata moja linalofaa. Yeye anayejidai hivi, kuniandikia mimi kwamba kuna kipimo asichokijua na mwenye nacho ni mkewe!

Nimjibu nini?

Selmer


Plentywood
8 Oktoba 1994

Shemeji Selmer,

Salamu. Tuko wazima, na baridi imeingia. Kikohozi kimepungua, amekubali dawa, sikumuuliza kwa nini.

Nilijua kaingia. Mitungi ya matango aliirudisha lebo zikiwa zimetazama ukutani. Nikasubiri nione atafanya nini. Amekiri kwako kwanza, na jana amekiri kwangu, akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha mitungi, miguu nje ya kizingiti. Akasema, "Ardis, pale kanisani nilisema upuuzi. Jumapili nitasimama niseme." Na Jumapili atasimama, kwa sababu nitakaa mstari wa mbele.

Usimjibu kwa barua. Mambo ya miaka tisa hayatoshi kwenye bahasha. Ijumaa tarehe ishirini na moja panda treni pale Sandpoint, ushukie Wolf Point. Atakayekuja kukupokea ni Palmer, peke yake, nimeshamwambia, naye ameshaosha gari. Njia ni ndefu, mtakuwa na muda wa kusemezana. Mkikorofishana, kila mmoja arudi alikotoka, mimi nina kazi.

Lakini mkifika pamoja, mezani kuna maganda mia mbili, na nimeweka viti viwili upande wa pili wa mashine. Daftari nitalitoa mkobani mkishakaa nyote wawili. Kisha nitawafundisha.

Shemeji yako,
Ardis